Laini Mbili Mfukoni, Uraia Mmoja Moyoni

Katika wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, kununua laini ya simu si jambo jepesi kama lionekanavyo Darajani au Chake Chake. Mkazi wa Unguja mjini akitaka laini huangalia bei ya kifurushi na wakala aliye karibu na mlango wake, na mambo yakaisha. Mwananchi wa Ololosokwan, wa Loliondo au wa Engaresero hana budi kujiuliza swali la kwanza kabla ya hilo la bei: je, simu yangu itashika mnara wa nchi gani? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama salio lake litadumu wiki au litakwisha kwa mazungumzo ya dakika chache, kama fedha ya ng'ombe wake itamfikia, na kama mkewe aliyeshikwa na uchungu usiku atapata gari la kumpeleka hospitali ya Wasso.

Tunaliandika jambo hili katika gazeti linalosomwa visiwani kwa sababu tunazoziona kuwa za haki. Visiwa vyetu na nyanda zile za kaskazini vimefungwa pamoja na utalii: mgeni aliyeshuka Kreta ya Ngorongoro leo, aghalabu kesho kutwa yuko Nungwi au Paje, na vijana wetu wa mahoteli na wenzao wa Karatu huzungumza kwa simu kila siku kupanga safari zake. Tena, wavuvi wa Pemba waendao dago katika pwani ya Kenya wanayajua vyema matatizo ya mpaka, ingawa wao mpaka wao ni wa maji. Na zaidi ya hayo, gazeti hili husomwa na watendaji wa Serikali, ambao ndio wenye dhamana ya kulitafutia jambo hili ufumbuzi.

MPAKA USIOONEKANA

Ndugu msomaji, tuanze na ardhi yenyewe. Wilaya ya Karatu haipakani na nchi ya kigeni. Iko kusini, na mji wake ndio mlango wa watu waendao Ngorongoro. Wilaya ya Ngorongoro ndiyo inayofika mpakani. Tarafa zake za Loliondo na Sale zinatazamana na Narok na Kajiado nchini Kenya, na ncha ya kaskazini ya Ziwa Natron imekatwa na mpaka. Kutoka Loliondo hadi Arusha mjini ni safari ya zaidi ya kilomita 300. Kutoka Loliondo kwenda mpakani ni mwendo ambao mfugaji na mifugo yake huumaliza kabla ya jua kutua.

Mstari huo wa mpaka hawakuuchora wazee wa Kimasai. Waliuchora Waingereza na Wajerumani katika mapatano yao ya mwaka 1886, kwa kupitisha mstari kutoka mdomo wa mto Umba baharini, ukazunguka Kilimanjaro, kisha ukaenda moja kwa moja kama uliopigwa kwa rula hadi Ziwa Viktoria. Ukoo mmoja ukajikuta una shemeji upande huu na wajomba upande ule. Hadi leo mnada wa Narok unamvuta mfugaji wa Loliondo kuliko mnada wa Arusha, kwa sababu iliyo wazi: uko karibu.

Basi, ikiwa mpaka ule haukuwatenganisha watu, si ajabu kwamba haukuyatenganisha mawimbi ya redio. Mnara wa simu hutupa mawimbi yake pande zote, nayo hayaombi pasi ya kusafiria. Katika teknolojia ya kizazi cha pili, ambayo bado ndiyo inayobeba simu nyingi ndogo za vijijini, mnara mmoja waweza kumhudumia mtu aliye umbali wa hadi kilomita 35 au karibu na hapo, mradi pasiwe na kizuizi. Vizuizi navyo vimejaa. Kuta za Kreta peke yake zimepanda karibu mita 600 kutoka sakafuni, na vilima vya Loliondo na magenge ya Bonde la Ufa hufanya kazi hiyo hiyo ya kuziba. Ndiyo maana mtu aweza kuwa kilomita 10 kutoka mnara wa Tanzania asiusikie kwa sababu ya kilima, huku mnara wa Kenya ulio mbali zaidi, ng'ambo ya uwanda ulio wazi, unamfikia bila taabu.

Kila mtandao duniani una namba ya nchi yake unayojitangazia hewani. Ya Tanzania ni 640 na ya Kenya ni 639. Simu hutafuta kwanza mtandao uliotoa laini yake. Ikiukosa, na ikiwa kampuni yake ina mapatano na kampuni ya ng'ambo na huduma hiyo imefunguliwa, hujiunga na mtandao wa jirani. Hiyo ndiyo huduma ambayo wenye kampuni huiita romingi. Mwenye simu hakusafiri, hakuvuka kijito, lakini kwa hesabu za kampuni yuko nje ya nchi. Tena simu iliyokwisha kuushika mtandao wa jirani yaweza kuuganda, hata pale mnara wa nyumbani unapoanza kusikika tena.

HASARA TATU

Hasara ya kwanza ni ya mfuko. Anayetumia mtandao wa ng'ambo hulipa kwa bei ya ng'ambo, na mara nyingi hulipa hata kwa simu aliyopigiwa. Kifurushi alichokinunua kwa matumizi ya nchini hakimsaidii. Mwenye simu ya kisasa hupata hasara zaidi, kwani programu zilizomo hufanya kazi kimyakimya na kula intaneti wakati yeye amelala.

Hasara ya pili ni ya fedha za simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 chini ya Safaricom, ikaanza Tanzania mwaka 2008 chini ya Vodacom. Jina ni moja, lakini vitabu vya hesabu ni viwili na shilingi ni mbili. Mfugaji aliyeuza fahali wake Narok alilazimika kwa miaka mingi kuchagua mawili: abebe noti za Kenya kiunoni akipita porini nazo, au awe na laini ya Kenya. Tangu mwaka 2015 imewezekana kutuma fedha kutoka M-Pesa ya Kenya kwenda M-Pesa ya Tanzania na kinyume chake, nasi tunaisifu hatua hiyo. Hata hivyo, ubadilishaji una gharama yake, na wakala aliye karibu ndiye anayeamua. Laini yenye huduma nzuri isiyokuwa na wakala mwenye fedha taslimu ni sawa na ghala lisilokuwa na mlango.

Hasara ya tatu ndiyo nzito, kwani ni ya roho za watu. Namba fupi za dharura na za huduma hutambuliwa na mitandao ya nchi iliyoziweka. Mathalani, mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, humwezesha mama mjamzito au mwenye kichanga kuitiwa usafiri wa dharura kwa kupiga 115 bila malipo. Namba hiyo ina maana kwa mnara wa Tanzania, na kwa mnara wa Kenya haina maana hiyo. Namba 112 nayo, ambayo simu yoyote hupiga kupitia mtandao wowote inaousikia, humpeleka mpigaji kwenye kituo cha nchi yenye mnara ulioibeba. Mtu wa Ololosokwan aliyevamiwa au aliyeunguliwa na boma aweza kujikuta anamweleza shida yake askari wa nchi jirani, ambaye hana amri wala gari la kumfikia.

TULIKOTOKA

Wapo watakaodhani kuwa taabu hii imeletwa na simu za mkononi. Sivyo. Kulikuwa na wakati ambapo Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na Shirika moja la Posta na Simu la Afrika Mashariki, makao yake makuu yakiwa Kampala. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo lilivunjika nalo, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Hata baada ya hapo desturi ya ujirani ilibaki katika nyaya: aliyepiga simu Kenya kutoka Tanzania alitumia 005, na Uganda 006, badala ya kuzunguka kwa njia ya kimataifa kama anayepiga London.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Tanzania na Uganda, mteja akatumia laini yake katika nchi zote tatu bila kutozwa kwa kupokea simu. Kuanzia mwaka 2014 Kenya, Rwanda na Uganda zilianza kutekeleza mapatano ya eneo moja la mtandao, yaliyoweka kikomo cha senti 10 za Marekani kwa dakika na kuondoa malipo ya kupokea. Tanzania haikuwamo katika kundi hilo la kwanza. Huko Ulaya, nchi za Umoja wao ziliondoa ada za ziada za romingi tarehe 15 Juni 2017, na sheria zao zinazitaka kampuni ziwalinde wakazi wa mipakani wanaonaswa na mnara wa jirani bila kukusudia.

Tunayataja haya ili isisemwe kwamba jambo hili haliwezekani. Limewezekana kwa nyaya zamani, na limewezekana kwa minara kwa wengine. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, mkoa ule ule wenye Loliondo. Ingekuwa fedheha kwa mkoa huo kuwa na makao ya umoja mjini na adha ya mpaka kijijini.

MWENYE LAINI MBILI

Sasa tuseme neno ambalo huenda baadhi ya watendaji wasilipende. Kuna tabia ya kumtazama kwa shaka mwananchi wa mpakani mwenye laini ya Kenya, kana kwamba laini ni kitambulisho cha utii wake. Katika migogoro ya ardhi ya Loliondo imewahi kusemwa mara nyingi kwamba fulani na fulani si raia. Uraia unathibitishwa kwa sheria, kwa kuzaliwa na kwa kumbukumbu za Serikali. Mfuko wa koti si ushahidi. Mfugaji anayenunua laini ya ng'ambo kwa sababu ndiyo pekee inayosikika machungani anafanya lile ambalo mvuvi wa Micheweni hulifanya akiwa Shimoni au Vanga. Na tusisahau kwamba Wapemba waliokwisha kukaa Kenya vizazi kadhaa waliishi huko bila utambulisho kamili, hadi Serikali ya nchi hiyo ilipowatambua kuwa raia wake mwaka 2023. Sisi watu wa visiwani tunajua uchungu wa kuulizwa wewe ni wa wapi. Haifai tuwe wa kwanza kuwauliza wengine hivyo.

Mwenye laini mbili si mwenye nchi mbili. Akipata mnara wa nyumbani unaosikika, hakuna atakayemlazimisha kuutumia, ataufuata mwenyewe.

NAMNA YA KUCHAGUA

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini mpakani, asiyechagua laini hulima kwa mpini mtupu. Kwa hiyo tunatoa nasaha zifuatazo kwa wakazi, kwa watumishi wanaohamishiwa huko, na kwa wafanyabiashara.

Kwanza, usiulize mtandao upi ni mzuri Tanzania, uliza upi unasikika pale unapolala, pale unapochunga na pale unapouza. Mwalimu wa Wasso, mlinzi wa hifadhi wa Endulen na mkulima wa vitunguu wa Mang'ola wanaweza kupata majibu matatu tofauti, na wote wakawa wamesema kweli. Tembea na simu ya jirani kabla ya kununua ya kwako.

Pili, tazama wakala. Kama wewe ni mtu wa Karatu, hili laweza kuwa ndilo kubwa kuliko yote. Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, hufika wanunuzi wa vitunguu kutoka Kenya, na mkulima hulipwa kwa njia inayomfaa mnunuzi. Mapatano ya bei na yawe pamoja na mapatano ya malipo: shilingi ipi, mtandao upi, na gharama ya kubadilisha ni ya nani.

Tatu, mkazi wa mpakani afunge huduma ya intaneti ya nje ya nchi katika simu yake, na aondoe uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, achague mwenyewe mtandao wa Tanzania. Jambo hili hufanywa katika mipangilio ya simu, na wakala yeyote mwenye nia njema aweza kumwonyesha. Likifanyika, simu itanyamaza pasipo mnara wa nyumbani badala ya kula salio kwa mnara wa jirani. Lakini mwenye simu ajue pia kwamba kunyamaza huko kuna hatari yake.

Nne, mwenye haja ya laini ya pili aichukue kwa jina lake mwenyewe na kwa kufuata sheria ya nchi iliyoitoa. Laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji ni mali ya shemeji, pamoja na fedha zilizomo. Tanzania ilianza usajili kwa alama za vidole tarehe 1 Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kufungwa Januari 2020. Kwa kupiga *106# mtu aweza kujua ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake.

Tano, ukiona mtandao uliokuwa unautumia umezidiwa na mwingine hapo kijijini, huna haja ya kupoteza namba yako. Tangu Machi 2017 mteja wa Tanzania anaweza kuhama kampuni na namba yake. Haki hii haivuki mpaka, lakini ndani ya nchi ni silaha ya mteja, na kampuni inayojua kwamba mteja aweza kuhama humheshimu.

Sita, namba za hospitali, za kituo cha polisi na za mtendaji wa kijiji zihifadhiwe katika simu zikiwa kamili, zikianza na +255. Namba kamili hufika hata kupitia mnara wa jirani, mradi laini ina huduma na salio. Namba fupi haina uhakika huo.

WAJIBU WA SERIKALI

Tumewausia wananchi, hatuwezi kuwaacha watendaji. Serikali imefanya kazi ambayo haina budi kutajwa. Sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ili minara ijengwe pale ambapo kampuni haioni faida, na Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Hata hivyo, mnara uliosimama si sawa na mtu anayesikika. Hesabu za utekelezaji huhesabu minara na kata. Mwananchi huhesabu mahali alipoanguka simu ikawa bubu. Tunashauri upimaji ufanywe kitongoji kwa kitongoji katika tarafa za mpakani, matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji, na ionyeshwe wazi ni wapi mnara wa Kenya unaushinda wa Tanzania.

Aidha, Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 kumlinda mtumiaji, izitake kampuni zimwonye mteja kwa Kiswahili chepesi kabla ya shilingi ya kwanza kukatwa, na zisimtoze kwa bei ya safari mtu ambaye hakusafiri. Vituo vya dharura vya Tanzania na Kenya viwe na njia ya kukabidhiana simu zilizopotea mpakani. Na huduma ya vitambulisho vya Taifa iwafuate wafugaji machungani, kwani asiye na kitambulisho hasajili laini ya nyumbani, na asiye na laini ya nyumbani ataazima ya jirani. Tusimlaumu mtu kwa mlango tuliomfungia sisi.

Tangu mwaka 2022 familia nyingi zilizokuwa Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga. Bibi amebaki Nayobi au Kakesio, wajukuu wako Msomera. Kati yao kuna mamia ya kilomita, na kwa siku nyingi za mwaka kiungo chao ni simu. Kwa watu hao mtandao si anasa ya vijana bali ndio ukoo wenyewe.

Serikali haikosi mahali pa kuanzia. Ianzie Ololosokwan, ianzie Engaresero, kwa kusimama na simu mkononi na kutazama inashika mnara gani. Palipoandikwa jina la kampuni ya nchi jirani, hapo pana kazi ya kufanywa, na kazi hiyo haimhusu mfugaji.